Kupiga watu picha mtaani bila wenyewe kujua: kilichonikuta Mwaloni Kirumba

Kivuli cha Jiwe (mleta mada):

Heshima kwenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mpiga picha hapa Mwanza. Harusi niliacha, kumfukuzia hela bwana harusi ambaye keki ameshakula na fungate ameshatoka ni kazi inayojitegemea. Zinazonilisha ni pasipoti na mahafali, ila ninachokipenda mwenyewe ni kupiga mtaani. Kamera ndogo shingoni, naanzia Kamanga watu wanaposhuka kwenye kivuko, napandisha mjini, Makoroboi, natokezea Mlango Mmoja, siku nyingine naenda zangu Kirumba Mwaloni kwenye soko la samaki, napiga watu wakiwa kwenye mambo yao. Hawajui kama nawapiga na utamu uko hapohapo, maana mtu wetu ukimwambia nakupiga picha anakakamaa, mikono pembeni kama yuko gwaride, sura inakuwa ya kitambulisho cha NIDA. Ile sura aliyokuwa nayo sekunde moja nyuma, amebana noti kwa meno anahesabu chenji huku anamfokea kuli, imeshaondoka na hata umbembeleze vipi hairudi.

Wale wa ufundi mtauliza, hakuna uchawi. Lenzi ya 28 kwenye sensa ya fulu fremu, tundu f/8, fokasi naiweka kwa mkono mita tatu naiacha hapohapo, basi kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu mpaka mita thelathini kinatoka safi, sihitaji kuinua kamera jichoni, nabonyeza ikiwa kifuani. Shata sishushi chini ya 1/500 ya sekunde maana watu wa Mwanza wanatembea kama wanadaiwa. Mwanga nao una saa zake, huku kwetu jua linachelewa, linachomoza saa 12 na dakika arobaini hivi, mpaka saa 3 liko vizuri, ikifika saa 7 kasoro liko utosini na kila mtu ana mashimo meusi machoni, hapo funga kamera nenda kale sato.

Sasa kisa.

Mwaka jana kiangazi nilikuwa Mwaloni asubuhi. Anayepajua anapajua, magunia ya dagaa yanapangwa mpaka juu yakisubiri malori, mengine yanakwenda mpaka Kongo, makuli wanapita wanapiga kelele "pisha pisha", harufu usiseme. Kuna mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anachambua dagaa kwenye beseni la bluu, turubai juu yake lina matundu, mwanga unashuka kwa vijistari, magamba yamemng'aa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko kama amevaa kitu cha fedha. Akacheka, sijui walimwambia nini. Nikabonyeza moja tu. Wakuu mimi sijisifii ovyo, ila kwa miaka yote ile ndo picha niliyosema hii hata nikifa leo.

Nikaiweka Instagram. Nikaandika "Mwaloni, Kirumba, Mwanza". Ukurasa mmoja mkubwa ukaichukua, jina langu wakalikata, ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, watu "mama shujaa", "hustle za mama zetu", mioyo kibao. Mimi nalalamika jina langu limekatwa, hilo ndo lililoniuma wiki ile.

Siku ya tano narudi Mwaloni, mama mmoja ananiita, "Wewe ndo wa kamera?" Nikajua nimepata sifa. Akaniambia yule mwenzao alikuwa amekimbia kwao, wilaya sitaji, kwa sababu ya mkopo wa kausha damu. Alichukua laki tatu, riba juu ya riba ikafika milioni na kitu, godoro lilishabebwa, ndo akaja huku akapanga chumba na wenzake wawili, hakuna aliyejua aliko. Jana yake wamekuja jamaa wawili na bodaboda, picha iko kwenye simu, wanauliza kila mtu "huyu anakaa wapi". Yeye alishapenyezewa akatokea upande wa mitumbwi. Usiku huohuo akaondoka. Beseni lake la bluu lilikuwa bado lipo pale, wenzake wanalitumia.

Hawakunitukana. Mmoja aliniuliza tu, "Walikulipa shilingi ngapi?" Nikasema sijalipwa chochote mama. Akasema, "Basi bora hata ungelipwa, tungejua umemuuza."

Sijapiga mtaani tangu siku hiyo, miezi inaenda. Nauliza wenzangu mnaopiga, na nyie mnaopigwa, mnalionaje hili jambo? Nikaombe ruhusa kwa kila mtu nipate sura za NIDA, au niache kabisa?

Dagaa Kauzu:

Uzi bila picha ni ugali bila mboga. Weka picha mkuu tujadili tukiwa tunaona.

Kivuli cha Jiwe:

Hujasoma au umesoma ukaruka? Nimeshaifuta kote ninakoweza. Siweki.

Dagaa Kauzu:

Basi nimekaa pale kwenye jiwe nasubiri.

Konda Mstaafu:

Mkuu unajitesa bure. Aliyemfukuza yule mama ni kausha damu, wewe ulipiga picha sokoni, na sokoni ni mahali pa wazi, hata mimi ningepita na macho yangu ningemuona. Ningekuwa namjua si ningemwambia mdai wake? Macho nayo yaombewe ruhusa? Kamera za ulinzi ziko kila duka kubwa, unarekodiwa kuanzia unaingia mpaka unatoka na hakuna anayekuuliza, ila kijana mwenye kamera ya mtumba ndo awe mkosaji. Rudi kazini.

Kivuli cha Jiwe:

Macho yako mkuu hayasambazi. Wewe ungemuona, ungeondoka na nauli zako. Na jina la mahali niliandika mimi, hilo hakuna aliyenilazimisha.

Nyanda wa Nyegezi:

Mleta mada pole sana. Mimi nafuatilia haya mambo ya picha kitambo, nisogeze hoja kidogo. Kuna picha moja ya Mhungary anaitwa Martin Munkácsi, ya kama mwaka 1930, vijana watatu wa Kiafrika wanakimbilia mawimbi, inajulikana kama picha ya Ziwa Tanganyika, yaani ziwa jirani hapo. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, wengi mnamjua, huyo wanayemwita baba wa picha za kuvizia, alianzia kwenye uchoraji, na alisema mwenyewe kuwa ile picha ya watoto na mawimbi ndo iliyomuwasha mpaka akaona kamera inaweza. Baadaye kamera yake ya Leica akawa anaibandika tepu nyeusi sehemu zinazong'aa ili watu wasishtuke.

Sasa angalia, wale vijana hakuna anayewajua majina na hakuna aliyewauliza. Ila wamepigwa migongo, sura hamna hata moja, na bado picha imezunguka dunia nzima. Kwa hiyo dawa ipo, piga migongo, piga mikono, piga vivuli. Mikono yenye magamba ilitosha, kichwa ungekikata.

Mwingine ni Mmarekani Walker Evans, kati ya 1938 na 1941 alikuwa anapanda treni za chini ya ardhi New York kamera ameificha ndani ya koti, lenzi inachungulia kwenye kifungo, anawapiga abiria waliokaa mbele yake. Lakini hakukimbilia kuzitoa, kitabu kilitoka 1966. Alizikalia karibu miaka 25. Sisi tunapiga saa 3 asubuhi, saa 3 na dakika tano ishapostiwa.

Dagaa Kauzu:

Miaka 25 kwenye Tecno yangu? Hii simu yenyewe ikimaliza mwaka huu natoa sadaka.

Kivuli cha Jiwe:

Nyanda hilo la migongo na mikono nimelipenda, naweza kuanza nalo.

Mama Kayabo:

Subirini kwanza hapo kwenye migongo.

Mimi nimeuza mitumba Makoroboi miaka sita kabla sijahamia kwenye samaki. Kuna kitu wanaume wa humu hamkijui. Ukiwa umeinama unapanga nguo kwenye turubai unasikia mtu amesimama nyuma, hata ufanye nini unasikia. Wanapita vijana wameshika simu kama wanasoma meseji kumbe kamera inatazama kwako. Jioni mgongo wako, tena sio mgongo kwa kweli, uko kwenye grupu la wanaume wanakomenti uchafu. Kuna siku tulimbana mmoja, tukamwambia fungua simu, tukakuta picha arobaini na kitu zote za wanawake walioinama, sura hakuna hata moja! Akajitetea yeye ni msanii, anapiga maisha ya mtaani. Wamama wa viazi ndo walimalizana naye.

Kwa hiyo Nyanda ukiniambia migongo ni dawa nakushangaa kaka yangu. Mgongo wangu mimi naujua, mume wangu anaujua, na watoto wangu wanaujua. Kunikata kichwa ndo umenifanya kiti.

Mleta mada simsemi kuwa ni kama yule. Ila mwenye nia mbaya mimi namjulia kwenye kitu kimoja tu, nikigeuka anafanya nini. Akiangalia pembeni akajifanya anapiga jengo, huyo mwizi. Akinitazama usoni akacheka, akasema "mama hiyo nimeipenda", hapo tutaongea, naweza kumtukana, naweza kumwambia hebu nione, naweza kumwambia futa. Lakini angalau nami nimo kwenye hayo mazungumzo. Kupiga kabla ya kuuliza mimi sina tatizo, hata sokoni tunaonja kabla ya kununua. Tatizo ni anayeonja akakimbia.

Konda Mstaafu:

Hiyo ya kuonja na kukimbia nimeielewa mama. Natengua kauli nusu.

Wakili wa Kijiweni:

Sio wakili kweli, sheria nilisoma miaka miwili ada ikanishinda, lakini niwasogezee haya. Katiba yetu Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, haisemi "akiwa nyumbani tu". Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ina Tume yake. Sura inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, na ukiichukua ukaanza kuisambaza au kuitangazia biashara ujue unashika mali ya mtu. Huko nje nako hawafanani, Marekani mtu akiwa barabarani unampiga bila shida kubwa, Ufaransa anaweza kukusumbua sana ukichapisha sura yake bila ridhaa.

Watoto ndo kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu mtoto ni chini ya miaka 18, tafuta mzazi. Na kambi za jeshi na maeneo yenye mabango ya kukataza picha usijaribu, hapo hatutakuwa tunajadili sanaa.

Konda Mstaafu:

Kwa hiyo bodaboda niliyemuweka stetasi jana akiwa amebeba kitanda, mke na mbuzi nimpelekee fomu asaini? Na mbuzi je?

Wakili wa Kijiweni:

Mbuzi hana Ibara.

Mzee wa Mkanda:

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Mimi nimepiga picha mji huu kuanzia mwaka 1983. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila picha ni hela, hivyo mambo ya kupiga moja ya mtu asiyelipa ni anasa. Jumapili tulikuwa tunawangojea watu pale karibu na Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, wanataka jiwe lionekane nyuma yao, wanatanguliza nusu, baada ya wiki unawaletea. Ukichelewa wanakufuata kwako. Kwa hiyo picha ilikuwa na njia moja tu, inatoka kwangu inakwenda kwa mwenye sura. Hapakuwa na pa kuipeleka kwingine! Nyie mmepewa kamera ambayo inapeleka picha kila mahali isipokuwa kwa aliyepigwa.

Lakini na mimi nilivizia, nisijifanye mtakatifu. Kuna jioni mkanda ulibaki picha moja na nilitaka kuumaliza niupeleke kusafishwa. Kijana mmoja alikuwa anaruka majini karibu na Kamanga, nikampiga akiwa hewani. Nilikuwa namjua mama yake, nikampelekea, hakutoa hata shilingi, alisema nimempiga mtoto wake uchi nusu. Ile picha ikaenda chini ya godoro. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama huyo kijana alikuwemo, keshakuwa mtu mzima. Wengi walizikwa Igoma, yeye hakupatikana. Kwenye matanga yake meza ya sebuleni iliwekwa picha hiyo, hawakuwa na nyingine. Anaruka majini. Nilikaa pale nikashindwa hata kuitazama, na mama yake akanishika mkono.

Kwa hiyo mtu akiniambia picha ya kuvizia ni dhambi, nashindwa kukubali. Akiniambia haina neno, pia nashindwa.

Na jambo jingine ambalo vijana wa juzi hamlikumbuki. Ile filamu ya mapanki ya mwaka 2004, ya Mwaustria Hubert Sauper, ilipigwa hapahapa, ikaonyesha mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, na wanawake wanaoikausha na kuikaanga. Ikashindanishwa mpaka Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba imetuchafua, na hapa mjini watu wakaandamana kuipinga. Mimi siingii kwenye nani alikuwa mkweli. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya hapo ukitoa kamera kwenye samaki ilikuwa kama umetoa nyoka. "Na wewe umekuja kuchukua mapanki?" Yule mwanamke wa kwenye kikaango alikuwa kazini kwake, ana wateja, ana hesabu zake za siku, dunia ikamuona yeye ndiyo mfano wa njaa. Alipigwa akiwa mfanyabiashara akatokea akiwa ombaomba. Nadhani hata wale waliomwandikia mama wa dagaa "shujaa" walimfanya hivyohivyo, kwa upole zaidi.

Mama Kayabo:

Shikamoo mzee. Hiyo ya "mama shujaa" umeisema kweli, mimi nikiitwa shujaa najua mtu hataki kulipa bei.

Nyanda wa Nyegezi:

Shikamoo mzee. Kuhusu migongo narudisha maneno, Mama Kayabo amenishinda. Ila mzee naomba nikuulize, negativu unazo bado?

Mzee wa Mkanda:

Marahaba. Mabati yalivuja mvua za mwaka 1998 zikashikana zote. Zimebaki kama hamsini. Nyingi ni za watu wamesimama mbele ya jiwe.

Kivuli cha Jiwe:

Wakuu nimekaa kimya wiki nzima, niwape mrejesho.

Jumamosi nimerudi Mwaloni. Kamera nimeitundika nje kabisa, kifuani, shati jeupe, nimejionyesha kama bango. Nilikuwa nimesafisha picha kumi na mbili za zamani za watu wa pale ambao nawajua kwa sura, nikaziweka kwenye bahasha. Kidogo nirudie getini, tumbo linanikata, nawaza yule mama aliyeniuliza walikulipa ngapi.

Nilimkuta. Nikamsalimia Kisukuma "mwangaluka mayu", akaitikia, akaniangalia. Nikampa picha yake, alikuwa anainua gunia na mwenzake, nzuri sana ile, nimeipiga karibu, sura imejaa nguvu, mishipa ya shingo imesimama. Akaitazama muda mrefu. Nikasubiri. Akasema, "Miguu yangu iko wapi?"

Nikamwambia mama hii imepigwa karibu ndo maana. Akawaita wenzake, "Njooni muone, huyu mtoto amenikata miguu." Wakaanza kucheka wote, kila niliyempa yake anatafuta miguu. Mmoja hana miguu, mwingine hana sikio, mwingine kivuli cha turubai kimemuingia usoni, hicho kivuli ndo nilikuwa najivunia. Mzee mmoja wa mizani akasema anayepiga hivi bado anajifunza, avumiliwe.

Yule mama akaniambia subiri. Akaenda akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavua aproni, akafunga kitenge kipya alichoazima kwa jirani, akavaa viatu vya mtu mwingine, akasimama mbele ya magunia mikono pembeni, gwaride kabisa, sura ya NIDA. "Sasa piga. Na miguu." Nikarudi nyuma mita tano nikapiga, na miguu, na viatu vya kuazima. Baada yake wakapanga foleni watu tisa. Jumatatu nimewapelekea, buku buku wamelipa, mmoja anadaiwa.

Kama mpiga picha nawaambia ukweli, hizo kumi hakuna hata moja ningeiweka ukutani. Zile kumi na mbili za kuvizia ni nzuri mara mia. Sijui nifanye nini na jambo hilo, bado nalizungusha kichwani. Nimeanza tena kuvizia kidogo, huyu nampiga halafu namfuata namuonyesha, wawili wameniambia futa na nimefuta wakiona. Mmoja nilimpenda sana, kufuta kuliniuma kama jino. Onlaini sijaweka chochote, na nikija kuweka sitaandika mahali.

Kuhusu yule wa beseni la bluu niliuliza. Wenzake wakaangaliana, mmoja akasema hatujui alipo. Wanajua. Wamefanya vizuri kutoniambia. Picha yake niliyoisafisha kabla sijafuta, ile moja, nimewaachia wao kwenye bahasha imefungwa, wakionana naye watampa, asipoitaka waichome. Yule mama aliipokea akaiweka kwenye kibindo pamoja na hela, hakuifungua. "Wabeja," yaani asante, akasema, basi, akarudi kwenye dagaa zake.

Dagaa Kauzu:

Nimesoma yote mpaka mwisho, machozi karibu. Sasa hiyo ya kitenge na viatu vya kuazima tuoneshe basi, hiyo si ameruhusu mwenyewe?

Kivuli cha Jiwe:

Aliruhusu nipige, hakusema niwaletee nyie. Ipo kwake Mwaloni, nenda kanunue dagaa sado moja utaoneshwa.

Mama Kayabo:

Na asiombe kupunguziwa bei.